Mpelelezi wa Nyuma ya Pazia

Nilitoka Iringa asubuhi, Mafinga nikadandia lori la mbao, Makambako likapasuka tairi, nikaingia Mbeya kesho yake nikinuka mbao mbichi. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto kwa mzee mmoja wa Kinyakyusa aliyependa kitu kimoja kuliko chakula: tamthilia za zamani za Kiingereza za wapelelezi, zile za magari ya farasi na ukungu, ambazo mwanawe alimnunulia kwenye diski.

Mwanawe ndiye aliyemtafsiria. Kisha akaenda Chunya kutafuta dhahabu, akamwacha mkewe pale nyumbani. Mke alikijua Kiingereza vizuri, ila kwa mila yao mkwe hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hasemi naye. Mzee akabaki na tajiri aliyeuawa kwenye tamthilia, na hakuna wa kumwambia nani kaua. Nilijaribu mimi. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilishindwa na wale mabwana, waliosema kama wana kiazi cha moto mdomoni.

"Hebu mwulize mwenzako wa jikoni," mzee aliniambia bila kugeuka.

Basi tukaongeza sauti. Mkwe alisikiliza nyuma ya pazia la jikoni, picha haioni, huku akisonga ugali.

"Kaka, mwambie baba, mpwa wa marehemu anasema ndiyo kwanza anaingia, katoka kwenye mvua."

Mzee alisogelea kioo cha runinga. "Mwambie mwenzako, viatu vya huyo mpwa vikavu."

Mwiko ulinyamaza. "Kaka, mwambie baba airudishe nyuma."

Vilikuwa vikavu kweli. Mimi niliyekuwa na picha na sauti sikuwa nimeshtukia chochote. Mpelelezi mwenyewe alifika kwenye viatu hivyo baadaye sana, na mzee akamcheka. "Huyu angekuwa na mkwe, angewahi."

Nikakaa miezi nikipeleka maneno kati ya watu waliosikiana vizuri tu, nikijiuliza kazi yangu hasa ni nini. Halafu miguu ikaanza kuniwasha, ikitaka safari. Siku niliyoondoka moja kwa moja, mzee alikuwa katikati ya hadithi ya mjane na sumu. Alilitazama begi langu.

"Mwulize mwenzako, sasa nitakuwa namwambia nani?"

Jikoni mkwe alikung'uta mwiko.

"Kaka, mwambie baba, paka yupo."

Mzee aliwaza. Kisha akamwinamia paka chini ya meza, akamweleza taratibu, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba yule mjane hajaigusa chai yake.