Jirani Aliyeitaja Nchi Kwenye Karanga za Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri zamu yangu saluni, pale Ng'ambo, Tabora, akaingia mama mmoja akataka asukwe kwanza. "Nawahi shughuli ya kitaifa, mwenzangu," akaniambia. "Tuwe wazalendo." Nikampisha. Kisha nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka jirani yetu wa kijijini, Lusu.

Bibi ndiye aliyetulea kule, mimi na mdogo wangu. Ungetukuta baada ya kuvuna viazi vitamu, michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, imeanikwa juu ya mwamba, harufu yake imechanganyika na vumbi la moto, nasi tunafukuza kuku tangu asubuhi. Jirani alikuwa askari mstaafu. Mtu mwema, ila hakujua kuomba kitu bila kuitaja nchi. Akiazima jembe, ni la kujenga taifa. Ukichelewa kumpa, basi huna uzalendo.

Mwaka mmoja akataka kupitisha mkokoteni wake wa ng'ombe katikati ya shamba la karanga la bibi, asizunguke mbali kwenda kisimani. Bibi akasita. "Mama, njia ni maendeleo," akasema jirani, mbele ya watu. "Anayezuia njia anairudisha nchi nyuma." Bibi akaona haya, akampisha. Ng'ombe wakapita, wakakanyaga matuta manne. Bibi akainama kuziokota karanga zile changa, maganda yake bado laini kama masikio ya mbuzi.

Mimi nikawa nimejifunza. Kesho yake nikamwambia mdogo wangu kwamba mtoto mzalendo humwachia dada yake michembe. Akanisogezea bakuli, machozi yanamlengalenga.

Kumbe bibi yuko mlangoni. Hakunichapa. Alimrudishia mdogo wangu bakuli, akanishika mkono mpaka kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu leo kamnyang'anya mwenzake chakula kwa kulitaja taifa. Kajifunza kwako. Ungeniambia kilichokusumbua, mwanangu, ningekuelewa."

Jirani aliketi kizingitini, akaanza kujisugua magoti.

"Miguu, mama," akasema. "Siku hizi sifiki kisimani bila kupumzika mara tatu. Niliona aibu kulisema."

Bibi alikaa naye kidogo, kisha tukarudi. Asubuhi iliyofuata walikuwa wote wawili pembeni mwa shamba, yeye na jembe, jirani na panga, wanafungua njia ya mkato ya kisimani ambayo haikugusa karanga. Sisi watoto tulibeba majani.

Bibi na jirani wamekwisha kufariki, na shamba lile sasa ni nyumba za watu. Michembe bado naipata sokoni. Lakini mtu mzima kumweleza mwenzake kosa lake bila kumwaibisha, naye akakiri udhaifu wake mbele ya mtoto, na kesho yake wakalima njia pamoja: hilo nimelitafuta miaka mingi, nyumbani kwangu na kwa wengine, na bado sijaliona tena.