Cherehani cha Msaada

Nikisikia redioni kwamba msaada fulani umekuja na masharti ya siasa, damu hunichemka. Kisha nakumbuka cherehani chetu, nacheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Sisi akina mama wa Nguvumali tulipewa cherehani kutoka Ulaya. Memsabu aliyekileta alitoa sharti moja: kisishone nguo yoyote ya chama kilichokuwa kikidai uhuru. Alipoondoka tu, nikafoka kirudishwe siku ile ile. Zawadi gani hii ya kutuchagulia rangi? Shangazi yangu, kiongozi wetu, akaniambia, "Kaa kitako, mwanangu. Sharti lake tutalishika barabara."

Basi tukashona foronya na magauni ya watoto. Memsabu aliporudi kukagua, alikikuta cherehani kimefunikwa kitambaa cha kijani na cheusi, rangi za chama kile kile. Uso ukamwiva.

"Si nilikataza?"

"Ulikikataza cherehani, memsabu," shangazi akajibu kwa upole, akimwonyesha mishono. "Hiki tumekishona kwa mkono. Cherehani chako hakijashona siasa hata kidogo. Kimeivaa tu."