Kituo cha Kuchunguza Seli, Mbale

Kibao nilikipaka rangi mimi mwenyewe, kwa hiyo kosa ni langu, simsingizii mtu. Vita vilikuwa vimekwisha, na sisi wa maabara ya Mbale tulikuwa tumeungana na wenzetu wa Jinja kuanzisha kituo kimoja. Sisi tungekusanya damu, wao wangepima, na pamoja tungejua seli za mtu aliyeshinda na njaa wakati wa vita zinatumiaje sukari. Mabati yalikuwa mapya, na jokofu la kuazima kutoka Jinja lilinguruma pembeni. Raha niliyokuwa nayo, wallahi, kama bibi harusi!

"Andika Kiingereza," daktari wa Jinja alinishauri.

Ebo! Mimi mtoto wa Wanubi, wajukuu wa askari wa zamani, Kiswahili nimenyonya kwa mama, niwaandikie watu wa soko Kiingereza? Nikaandika kwa herufi nyekundu: KITUO CHA KUCHUNGUZA SELI. KARIBUNI MTOE DAMU.

Wiki nzima hakuja mtu, hata wa kuuliza njia. Watu wa mtaa wetu wa Namakwekwe waliozoea kupita mbele ya mlango wetu wakaanza kuzungukia nyuma. Muuza chai akahamisha benchi lake. Nilikasirika, nikawaita washamba. Daktari akaniambia kwamba tusipopata damu hadi Jumatatu, jokofu litarudi Jinja na kituo kitabaki cha huko peke yake. "Pole, dada," alisema. Pole yake iliniuma kuliko tusi.

Ijumaa akaingia mama mmoja kutoka Nakaloke. Alitua kikapu, akasimama wima mbele yangu kama yuko kwenye gwaride.

"Afande, nyinyi munachunguza seli?"

"Mimi si afande, mama. Lakini ndiyo, tunachunguza."

"Mtoto yangu waliweka seli, wakati ya vita. Sijaona yeye tena. Angalia kwa kitabu yako, iko?"

Lahaula! Nilikaa chini. Kumbe katika mji huu seli ilikuwa kitu kimoja tu, chumba cha kufungia watu katika kambi ya jeshi. Na Kiswahili changu cha kujivunia, kwao kilikuwa lugha ya askari, ya mwenye bunduki. Nilimwambia ukweli, kwamba kitabu chetu hakina jina la mtoto wake. Machozi yakanitoka, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nikamweleza seli zetu ni zipi, kisha nikaweka tone la damu yangu chini ya hadubini. Aliinama akatazama, akatazama.

"Hii yote seli? Na wewe natembea nayo ndani?" Akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Nami nikacheka. Halafu akauliza, "Iko na mlango?"

"Iko, mama, mingi, midogo mno kuonekana. Sukari inapita hapo."

"Na yenye imeingia, inatoka?"

"Inatoka."

Akakunja mkono wa gauni. "Basi chukua yangu."

Jumatatu daktari alifika na gari la kubeba jokofu, akakuta foleni ya akina mama imefika barabarani. Gari likarudi tupu, nami nikapiga kigelegele hadharani bila haya. Yule mama alikuwa ameshawaeleza wote kwamba hizi ni seli nyingine, za mwilini, na walielewa. Hata hivyo, kadhaa walikuja na picha za vijana wao, wakanionyesha. Nilitazama kila picha kabla ya kushika sindano.