Picha Nyeupe ya Kiwiko cha Shangazi

Shangazi yangu alipata nafuu ya mkono kwa kupigwa picha ambayo haikutoka.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu binafsi waliporuhusiwa kufungua zahanati. Mmoja wao alileta eksirei mjini Singida. Ilikuwa mtumba kama mashati ya duka la jirani, ila shati halihitaji umeme. Shangazi alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda kwao Ulemo, kiwiko kikavimba, nami nikamsindikiza. Daktari alisema ni lazima auone mfupa: ukiwa umevunjika, plasta, ukiwa mzima, arudi shambani. Mvua zilikuwa karibu na shangazi alikuwa mjane. Kwake plasta ilikuwa na maana ya msimu mzima bila uwele.

Kijana wa mashine alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akaanza kutueleza kazi yake bila kuombwa. Ndani ya mashine mna chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Upande mmoja waya hupashwa moto hadi utoe elektroni. Umeme mkali huzivuta kwa kasi hadi zigonge chuma kigumu upande wa pili. Karibu nguvu zote huishia kuwa joto. Lakini elektroni chache hupita karibu na kiini cha atomu, zikapinda na kupunguza mwendo ghafla, na nguvu zinazopotea hapo hutoka kama mionzi. Nyingine huing'oa elektroni ya ndani ya atomu. Ya juu ikishuka kujaza pengo, mionzi hutoka tena.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kinachopigwa ni chuma?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

"Wewe unapigwa picha tu."

Aliniambia kwa Kinyiramba kwamba kijana anaficha. Mgonjwa akipigwa sindano hupona. Atapigwaje na mashine kubwa hivi bure?

Mashine ikanguruma. Ng'ambo ya barabara, mtu binafsi mwingine akawasha mashine yake ya kusaga, na taa zetu zikafifia. Kijana alitoka chumba cha giza na filamu nyeupe tupu. Umeme ulipungua, akasema, elektroni zikagonga kinyonge, mionzi ikashindwa kupenya. Atarudia bila malipo.

Shangazi alikuwa akiukunja mkono taratibu. Alisema umekuwa mwepesi.

"Nipigwe mara ya pili kwa kosa gani, mwanangu?"

Kijana alicheka. Daktari alimwonya shangazi kwamba mfupa uliovunjika ukiachwa huunga vibaya. Shangazi alimshukuru kwa heshima zote, akaenda kupanda basi.

Msimu ule alilima, akavuna. Kiwiko hakijanyooka vizuri tangu hapo. Yeye husema ni uzee, mimi husema ni mkokoteni, na kupigwa tena amekataa. Kama mfupa ulivunjika, hakuna aliyeuona.