Kiti cha Assunta Juu ya Kokoto

Hapa kwetu Woodbridge, kaskazini ya Toronto, nyumba ya Mwitaliano ina majiko mawili. La juu ni la wageni kulitazama. Ndani ya tanuri lake hukaa masinia, na kitunguu hakijawahi kukatwa humo. La pili liko chini ya ardhi, na huko ndiko watu wanakopika, wanakokula, wanakogombana na kupatana. Nimewaambia majirani mara nyingi kwamba jiko lisilojua harufu ya kitunguu ni kiburi kilichopigwa vigae. Hunijibu kwa kunikaribisha kahawa, huko huko chini.

Assunta Colangelo hakuwa na haja na jiko la juu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyezeeka mgongo kabla ya uso. Katika nyumba waliyopanga mwanzo, kila mwisho wa Agosti aliosha makreti ya nyanya chini ya ardhi, akapika sosi ya mwaka mzima, kisha akayapandisha maji machafu kwa ndoo, ngazi kwa ngazi, akaenda kuyamwaga uani. Sakafu ile haikuwa na tundu la maji. Basi walipoanza kujenga nyumba yao wenyewe, alimwomba mumewe kitu kimoja tu: tundu katikati ya sakafu ya chini.

Mumewe, Donato, alikuwa fundi wa zege, na jina lake lilikuwa kubwa.

"Tundu linataka sakafu iteremke," alisema. "Mimi na sakafu ya mteremko wapi na wapi? Wenzangu watakuja na bocha."

Bocha ni mpira mzito wa mti ambao wanaume wetu huuchezea Jumapili. Fundi akimwaga sakafu ya nyumba yake mwenyewe, wenzake huja kuuweka katikati. Ukitulia, wanampa mkono. Ukibiringika, yeye hununua divai na kupewa jina la utani ambalo halimtoki tena. Mmoja aliitwa Mlima mpaka kwenye mazishi yake.

"Huo mpira wao utanibebea ndoo?" Assunta aliuliza.

"Mgongo unapona, mke wangu. Jina likichafuka halifuliki."

"Basi mwaka huu mwambie jina lako likuoshee nyanya."

Nasema wazi: nyumba hupangwa kuanzia pale maji machafu yatakapopitia kutoka. Anayeanzia sebuleni atarudi chini na nyundo, avunje zege alilolilipia. Donato aliijua kanuni hii na aliihubiri kwa wateja. Kwake mwenyewe aliisahau, maana kiburi hakisomi kanuni.

Assunta hakugombana tena, na hilo peke yake lingemshtua mume mwenye akili. Alimwendea Nunzio, fundi bomba aliyembatizia binti yake. Waliobatiziana watoto huitana kumpare na kumare, na undugu huo kwetu ni mzito kuliko wa damu.

"Kumare, usinitie matatani," Nunzio alisema. "Donato atanizika hai kwenye zege lake."

"Sikulazimishi, kumpare. Ila nilikuwa nawaza: majira ya baridi utakula sosi ya nani? Ya dukani?"

Nunzio alikuwa mjane. Siku Donato alipokuwa kazini alichimba kokoto za sakafu iliyosubiri zege, akalaza bomba mpaka kwenye njia kuu ya maji taka, akauzungushia mdomo wake fremu ya mbao yenye upana wa kutosha kiti. Assunta alifunika kazi yote kwa magunia.

Asubuhi ya kumwaga, lori la zege liliegeshwa, mfereji wa bati ukaingizwa dirishani. Donato alishuka na mabuti yake ya mpira, akamkuta mkewe ameketi kwenye kiti juu ya magunia, katikati ya kokoto, anamenya maharagwe.

"Assunta, toka hapo."

"Nimekaa."

"Zege linakuja!"

"Lije. Karibuni, wewe na zege lako."

Dereva alipaza sauti kutoka juu: "Bwana, linaanza kukauka! Nimwage hapa au nikamwage barabarani?"

"Mwaga!" Donato alifoka. "Likimgusa vidole atajua kusimama."

Zege lilishuka kama uji wa jitu. Assunta alipandisha miguu juu ya kiti akaendelea kumenya. Likamzunguka pande zote, likagota kwenye fremu, likasimama. Donato aliinama, akayavuta magunia, akauona mdomo wa bomba ukimtazama.

"Nani kaweka hili?"

Nunzio, aliyekuja kusaidia na koleo mkononi, akaanza kuzikagua mbao za dari kwa makini sana.

"Na umeliweka chini, mwizi wewe! Vidole viwili chini ya usawa!"

"Maji hayapandi mlima, kumpare," Nunzio alijibu dari.

Donato alipiga hesabu. Angeisawazisha sakafu, katikati pangebaki shimo kama kisima cha panya, na jina alilolihofia angelipata siku hiyo hiyo. Dereva akapiga honi. Donato alimtukana Nunzio, bomba na watakatifu kadhaa, kisha akapiga magoti na kuanza kulivuta zege kuelekea kwa mkewe, kutoka kila pembe. Hakula mpaka jioni. Mkewe hakuweza kutoka, hivyo alitupiwa mkate, akaudaka.

Juma lililofuata, kiti kikiwa kimeondolewa na nafasi yake kujazwa zege mpaka kwenye mdomo wa bomba, wenzake Donato walifika na bocha. Waliiweka, nayo ikaondoka taratibu. Mmoja alikuwa ameshaanza kusema, "Tumwite Mterem—"

"Ngoja," Donato alisema. "Imekwenda wapi?"

Ilikuwa imekaa juu ya tundu.

"Ijaribuni pembe ile. Na ile. Sakafu bapa hata bibi yangu angemwaga."

Waliijaribu kila pembe, na kila mara ilirudi pale pale kama mbuzi anayejua zizi lake. Mzee wao akavua kofia. Donato alitunisha kifua na kuanza kueleza jinsi alivyolipanga jambo hilo tangu mwanzo.

Assunta alishuka ngazi na ndoo ya maji, akamwaga yote sakafuni katikati ya hotuba. Wanaume waliruka. Maji yalikwenda yalikotakiwa, yakasimama kuizunguka bocha.

"Donato," alisema, "ondoa mpira wako kwenye tundu langu."

Akauondoa.