Nilimwitikia Baba Mkwe Marahaba

Aibu niliyoipata mwezi ule sijamsimulia hata mama yangu mzazi, nawaambia ninyi kwa sababu bado nina hasira na zisipotoka zitaharibu maziwa ya mtoto.

Hapa Tunduma kuna mpiga picha mmoja, Simwinga, anawavalisha watu nguo za kale kisha anawapiga picha: ukitaka uwe askari wa Mjerumani, ukitaka padri wa kwanza, ukitaka mwene, yaani chifu wa enzi zile, na ngozi yake ya chui (ya kitambaa, msidanganyike). Nikaenda na mtoto wangu wa miezi miwili, nikamlaza nyuma ya pazia. Simwinga akanipa nguo za mke wa mwene, akasema nipige magoti pembeni ya kigoda.

Nikamwambia, "Nimemaliza kidato cha nne nije kupigia magoti kigoda kitupu? Lete hizo ndevu."

Basi nikawa mwene, ndevu za sufi mpaka kifuani, fimbo mkononi, nimekaa nimejitanua kama nchi yote yangu. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia baba mkwe.

Sasa muelewe. Mimi nimeolewa kwa Wandali wa Isongole, na ukoo ule bado wanashika mila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasalimiani, akipita huku wewe unapita kule. Mzee alikuja siku hiyo kumpa mtoto jina, na mume wangu Ambakisye (huyu nitamzungumzia nyumbani) hakunitaarifu, na alipoona sipo akamwambia baba yake akapige picha kwanza.

Mzee akaniona, akacheka, akainama akapiga makofi taratibu kama walivyosalimiwa wakubwa wa zamani. "Shikamoo, mwene."

Ningenyamaza angenisogelea kunitazama vizuri, ningekimbia mlangoni yuko yeye. Nikakoroma kwa sauti nzito, "Marahaba."

Simwinga naye akaona biashara. "Mzee, kaa hapo karibu na mwene, uwe mshauri wake." Akakaa, bega kwa bega, akaninong'oneza, "Mwenzangu, hizi ndevu haziwashi?" Nikatikisa kichwa, jasho linanitiririka, picha ikapigwa, na hapohapo mtoto akaamka akalia. Nyie wenye watoto mnajua, kilio kile hakiombi ruhusa, maziwa yakatoka yenyewe, mwene mzima na ndevu zake kifua kimelowa chapa.

"Mama mtoto," Simwinga akasema, bila hata haya, "mnyonyeshe kwanza, tutaendelea."

Mzee akaangalia kifua, akaangalia pazia, akajua ni mkamwana wake, akainuka kama kakalia siafu, akageukia ukutani. "Kijana," akamwambia Simwinga, "mwambie huyo mama mimi sijaona kitu." Akatoka koti kichwani.

Nyumbani akakaa uani ametupa mgongo, anasema anarudi Isongole, jina hatoi, mkamwana kamfanya amwamkie shikamoo. Nililia jikoni. Mtoto angebaki anaitwa Mtoto mpaka lini? Tukachinja kuku, Ambakisye akapeleka maneno ya kuomba radhi, mzee akala paja, akala na la pili, kisha nikamsikia kupitia dirishani:

"Muulizeni huyo mama, picha imetoka?"

Ikaletwa. Akaitazama muda mrefu, akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka anakohoa. Jioni mtoto akaitwa Tusekile, maana yake tumefurahi, na mzee akaondoka na picha kwapani.

Ameitundika sebuleni kwake Isongole. Mimi chumba hicho siruhusiwi kuingia akiwamo, lakini nipo ukutani, bega kwa bega naye, na wageni wakiuliza mwene yule wa wapi, mama mkwe anasema mzee hujibu, "Wa Tunduma, mkali sana."

Mkiniona tena kwenye studio ya Simwinga, mjue nimekwenda kumvunjia kamera.