Kijana wa Pengo la Ua

Msianze kuniambia ilikuwa ndoto. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na tangu nizaliwe sijaonja pombe. Haya niliyaona mwenyewe hapa Uriri, jioni, nikiwa na mwiko wa ugali mkononi. Na hata leo nikiyakumbuka, hofu siyo inayotangulia. Inayotangulia ni hasira.

Hasira yenyewe ni juu ya vitabu. Akinyi, binti ya kaka yangu, anakaa kwangu kwa sababu wazazi wake wanafanya kazi Nairobi, na anasoma shule ya kutwa hapa karibu. Yeye na wenzake hupeana riwaya za mapenzi, zimevalishwa gazeti ili mwalimu adhani ni vitabu vya historia. Ndani humo msichana wa miaka kumi na sita anapendwa na mzimu, au na mtu anayegeuka mnyama mwezi ukiwa mpevu. Nilisoma kimoja mpaka mwisho, na niaminini, nilianza kukasirika ukurasa wa kwanza. Mwanamume ana miaka mia tatu, hana kazi, hana shamba, hana hata shangazi wa kumsemea, na hakuna anayemuuliza kwao ni wapi! Anasimama dirishani usiku kumtazama binti wa watu amelala, na eti hayo ndiyo mapenzi. Huku kwetu anayesimama dirishani usiku ni jajuok, mchawi wa kukimbia uchi gizani, na majirani humfukuza kwa mayowe. Nilimweleza Akinyi hivyo. Alicheka, akasema sielewi.

Basi jioni hiyo nikiwa jikoni nikamsikia akiongea nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini iliyojaa furaha. Mimi hajawahi kuniongelesha hivyo. Nikazunguka nione. Alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa, pale ng'ombe wa jirani walipopavunja wakaacha pengo, na penye pengo palikuwa na kijana. Mzuri, sikatai. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu safi kabisa, na mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Tope la huku mnalijua.

Nikamtambua. Ningekosaje kumtambua? Alikuwa mtoto wa boma la chini, aliyezama ziwani Homa Bay alipokwenda kuogelea na wenzake. Matangani picha yake ilitundikwa mbele yangu nikiwapikia waombolezaji chai. Tena niliona alivyofikishwa nyumbani. Kwetu aliyefia nje kwa ajali hapitishwi langoni; walikata pengo kwenye ua, wakampitisha hapo, kisha wakaliziba.

Nilimshika Akinyi mkono, nikamnong'oneza kwamba huyo amekufa, tulimzika. Nikangoja apige nduru. Mnajua alifanya nini? Alitabasamu.

"Najua, Waya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada ya baba. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Leo tunaenda kwake."

Hapo woga ulinitoka wote, nikabaki na hasira tupu. Nikamuuliza huyo ana nini ambacho walio hai hawana.

"Yeye huniuliza leo nimekula nini, nimesoma nini, nani ameniudhi," akanijibu. "Baba akipiga simu anauliza tu nimekuwa nambari ngapi darasani. Vijana wa boda wanauliza kama nitapanda bure. Na wewe, Waya, unauliza kama nimeosha vyombo."

Maneno hayo yalinichoma, lakini haikuwa saa ya kujitetea. Nilimgeukia yule kijana nikamwambia kama anamtaka binti yetu, azunguke, aingie kwa lango kama watu, akae, aseme yeye ni wa nani. Akaenda bila ubishi. Nasi tukapita ndani ya boma mpaka langoni, nikiwa nimemshika Akinyi sweta.

Lango lilikuwa wazi, limeegemezwa jiwe. Yeye alisimama nje yake kama ng'ombe aliyegoma kuvuka daraja.

"Nifungulieni," akasema.

"Liko wazi," Akinyi akamwambia.

"Nifungulieni."

Akinyi akaanza kwenda kumshika mkono amwingize. Nikamvuta mpaka sweta likachanika begani. Nikamwambia, "Siku zote anakuuliza yeye. Leo muulize wewe. Muulize mama yake anaitwa nani."

Akauliza. Yule kijana akamtazama kwa upole ambao sijauona kwa mwanamume yeyote, akasema, "Leo umekula nini?"

"Si nimekwambia, omena. Mama yako anaitwa nani?"

"Leo umesoma nini?"

"Nijibu kwanza."

"Nani amekuudhi?" Kisha akaanza upya, sauti ile ile, tabasamu lile lile: "Leo umekula nini?"

Akinyi akasema polepole, "Jana nilikwambia kitu kilichoniliza. Nilikwambia nini?"

"Leo umesoma nini?"

Hayo ndiyo maneno pekee aliyobaki nayo, masikini. Majibu hakuwahi kuyasikia hata moja. Akinyi aliketi pale pale topeni akalia, na wala hakulia kwa woga. Nilipoinua macho langoni hapakuwa na mtu, wala alama ya kiatu kwenye tope.

Pengo tuliliziba kwa miiba. Lakini hata sasa, mvua ikinyesha jioni, mtu husikika nje akiomba afunguliwe lango lililo wazi. Akinyi huweka kijiko chini akasikiliza, kisha huendelea kula. Vitabu vyake bado anavisoma, na mimi bado navichukia. Kaka yangu alipopiga simu kuuliza nambari, nilimnyang'anya mtoto simu nikamwambia kaka aulize kwanza binti yake amekula nini. Alidhani namtegea kitendawili. Akauliza, wakaongea mpaka salio likaisha.

Nawe mwenye binti, vichome vitabu ukitaka, sitakuzuia. Ila leo jioni muulize kitu, kisha nyamaza umsikie. Yule wa pengoni maswali yake anayo tayari, na ua wako sijui uliukagua lini.